Mkeka wa Kengele

Jumamosi, 3 Oktoba 2015
Louisville nzima hakuna kichwa kama changu. Shule niliiacha darasa la kumi, mpaka leo inanililia. Nimefuma sentimita kumi na tano za mkeka. Fremu nimeunda kwa mbao za kitanda kibovu na misumari. Uma wa jikoni wa kubanisha nyuzi. Pamba, chuma, pamba, chuma. Uzi wa chuma unapitisha umeme. Vipande viwili, katikati sifongo yenye matundu. Babu akikanyaga, chuma na chuma vinagusana, kengele inalia chumbani kwangu. Kumbukumbu zimemtoka, akitoka nje hajui kurudi. Mama yuko Columbus, kazi ya ghala. Tumebaki wawili.

Jumatano, 7 Oktoba
Nimemtandikia kando ya kitanda. Hakukanyaga. Kaukunja vizuri, kauweka juu ya kabati. Eti mtu katumia mikono yake kufuma, wewe unapita na soksi chafu? Profesa mzima nimeshindwa na soksi.

Alhamisi, 8 Oktoba
Nimeuficha chini ya zulia. Unalia. Mimi ni hatari. Nimempigia Mama nijisifu. Yuko kwenye shifti, hakupokea.

Jumatano, 14 Oktoba
Mara kumi na moja leo. Nakimbia, namkuta kasimama palepale, anacheka.
"Umekuja, mjukuu wangu. Kaa basi."
Mzee kanishika. Kashajua akikanyaga nakuja. Halafu ni hadithi za ng'ombe wale wale wa Burundi, kuanzia wa kwanza. Nimechoka. Sina hata mtu wa kumlalamikia.

Jumanne, 20 Oktoba
Babu katoka mchana. Mvua. Jirani kamkuta karibu na bustani ya Iroquois, hajui anakwenda wapi, anatetemeka. Hospitali wanasema mapafu. Mama kaja na basi. Kaniuliza mara moja tu kwa nini kengele haikulia. Nimesema uzi ulikatika.

Jumapili, 25 Oktoba
Hospitali wamemruhusu. Baba mdogo kamchukua, ataishi kwao Buffalo. Mkewe anashinda nyumbani. Babu aliingia garini bila kuniangalia. Baba mdogo akanipiga begani: "Usijilaumu, fundi. Mashine ni mashine." Mama naye karudi kazini.
Nyumba kimya. Nimekaa kitandani kwa Babu, nimefunua zulia, nimekagua mkeka uzi kwa uzi. Mzima.
Siku ile kengele ililia. Niliisikia. Nikajua anataka tu nikakae naye.
Nikavaa hedifoni.