Maganda Mfukoni mwa Koti la Mama

Kaka Wafula,

Hamjambo huko Myanga? Kitale ni baridi kweli, kwa hivyo leo nilivaa koti la marehemu Mama nikamtembeza mbwa wake, Simba. Akachuchumaa kando ya turubai la mahindi yaliyoanikwa! Mwenye mahindi akapaza sauti: "Wee dada! Mbwa ni wako, na hiyo pia ni yako. Si uzoe?"

Watu wakacheka. Nikatia mkono mfukoni, nikakuta maganda ya mahindi, yale uliyokuwa ukimcheka Mama kwa kuyabeba kila akitoka na Simba. Nikazoa.

"Kumbe ulifunzwa nyumbani," akasema. Nilitamani Mama asikie.

Nimetia maganda mapya. Zamu yako ya Simba ikifika, koti litakutosha tu, usijali maua yake.

Tumekukumbuka sana, mimi na Simba.

Dada yako, Nekesa