Kamera Niliyoifunga Ikitazama Nyuma

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa tatu.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji yangu na wote mnaokula nao sahani moja. Mgongo unaendeleaje? Ulisema baridi ya huko inakuingia kiunoni kama msumari. Jifunge kitu kizito, usijifanye bado msichana. Wifi yako hajambo isipokuwa goti la kushoto, na hilo amelizoea. Mimi ni mzima kama chuma cha cherehani, namshukuru Mungu. Meno bado ninayo kumi na tisa, na yote yanafanya kazi.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mama Fotokopi, yule mwenye duka la kutoa fotokopi pale kwenye mtaa wa mafundi nguo, alitaka kunichapia kwa kompyuta, nikakataa. Niliishia darasa la tatu, lakini lilikuwa la tatu la zamani, siyo haya ya sasa. Imenichukua siku tatu na kalamu mbili. Kwa hiyo soma polepole, usiruke mahali.

Habari za hapa ni njema. Wapangaji wa chumba cha uani wamepata mtoto wa kike. Wanasema analia usiku na mchana, mimi naona ni mtoto mpole tu. Yule fundi mkubwa wa suti ameacha kazi, cherehani yake kamwachia binti yake, na ilipokwama binti huyo aliniita mimi, hakumwita mwingine. Katika mji huu hakuna cherehani ambayo sijaifungua tumbo. Unalijua hilo, lakini nalisema tena kwa sababu huko uliko hakuna wa kukukumbusha.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza.

Kamera yako ilifika salama kwa mkono wa yule nesi uliyempa mzigo. Kikaratasi chako nilikisoma. Uliandika niifunge kwenye baiskeli mwezi mmoja, nijirekodi safari zangu za kazini, kisha nitazame kwa macho yangu. Nikijiona niko sawa, hamtanisumbua tena habari ya kuacha baiskeli. Nikijiona siko sawa, niamue mwenyewe. Na katika barua ya juzi umeuliza kama kujirekodi huko kuna faida yoyote, au ni kupoteza muda wa mzee. Nitakujibu, ila nitazunguka kidogo.

Hujasahau kilichonitenga na mwanao Magoti, kitinda mimba wangu, yule fundi wa kupaka rangi nyumba. Jina hilo nilimpa siku nilipomfundisha baiskeli, maana alikanyaga pedali magoti yametoka nje kama chura, na mpaka leo ni hivyo hivyo. Miaka miwili iliyopita alinijia na maneno kwamba sisikii honi, kwamba basi limenikosa kwa unywele. Nikamwambia masikio yangu yako sawa, ni watu wa siku hizi wanaoongea kama wana maji mdomoni. Kesho yake nikakuta baiskeli yangu imefungwa mnyororo kwenye nguzo ya uani, na kufuli kubwa kama ngumi. Ufunguo anao yeye. Nikachukua msumeno wa chuma nikaukata ule mnyororo mbele ya wapangaji, mbele ya mama yake, mbele yake mwenyewe, nikamwambia usikanyage tena ua huu mpaka nikuite.

Akaondoka. Sikumwita. Mnyororo nikautundika barazani na kufuli lake likiwa limefungwa vile vile, na kila mgeni aliyekuja nilimwonyesha. Wajukuu walikuja na mama yao sikukuu zote. Yeye hakuja.

Kwa hiyo kamera yako niliipokea ili niwanyamazishe wewe na yeye kwa mpigo mmoja.

Fundi baiskeli alitaka kuifunga kwenye usukani, itazame mbele. Akaniambia, "Mzee, watu wote hufunga mbele." Nikamwambia hao watu wote wana macho mabovu. Mbele naona mwenyewe, kamera inionyeshe nini cha ajabu? Funga kwenye keria, itazame nyuma, ambako sina macho. Alicheka mpaka koleo likamdondoka, lakini alifunga nilivyotaka. Hapo nilitaka mwone jinsi malori yanavyonifuata kwa adabu. Maana nilikuwa nasema, na umenisikia nikisema kwa simu, kwamba miaka miwili mizima hakuna gari lililothubutu kunipigia honi. Nilisema barabara inanijua.

Mafundi nguo walinitania mwezi mzima. "Mzee, leo sinema imefika sehemu ya ngapi?" Nami nikawajibu, "Ngojeni tu, mtalipa kiingilio."

Mwezi ulipokwisha nikaenda kwa Mama Fotokopi. Akachomoa kadi, akaichomeka kwenye kompyuta yake, nikavuta kiti nikakaa katikati. Kulikuwa na wateja wawili wanasubiri, nikawaambia njooni muone mtu anavyoendesha.

Likatokea geti letu la kijani, likawa linabaki nyuma pole pole. Wifi yako akatoka na taulo jekundu, akalianika kwenye kamba ya mbele. Mama Fotokopi akauliza, "Mbona mama anaanika taulo kavu?" Nikamwambia akina mama wana mambo yao.

Tulipofika kona ya kiwanda cha mbao akajitokeza mtu kwa baiskeli, kavaa fulana ya kung'aa ya watu wa barabarani, akawa nyuma yangu kama hatua thelathini. Nikawaambia wale wateja, mnamwona huyo, ananifuata ajifunze.

Barabara kubwa ikaanza. Malori yapo, mabasi yapo, lakini kimya. Nikasema sinema yako bubu hii, ongeza sauti. Akaongeza. Nikasema bado. Akanitazama, akaongeza tena. Mteja mmoja akaziba masikio kwa viganja viwili. Wa pili akatoka nje. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akaja kuchungulia kuna ugomvi gani. Na mimi, mdogo wangu, nilikuwa nimekaa pale pale, nasikia kitu kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa.

Nikauliza, "Ni nini hicho?"

Akapunguza sauti, akainama kwenye sikio langu la kulia. "Ni honi, mzee. Wanakupigia wewe."

Nikasema aendelee.

Kwenye mzunguko nilikata barabara bila kugeuza shingo. Nyuma lilikuwa linakuja lori la mchanga. Yule mwenye fulana ya kung'aa akaingia katikati ya barabara, akanyoosha mkono wake wote, kiganja wazi, akasimama mbele ya lile lori. Lori likasimama huku limekaa upande. Dereva akatoa kichwa nje, sikusikia alichosema, ila mdomo wake niliusoma. Yule mtu akampungia kama anayeomba radhi, akapanda baiskeli akanyage anifikie. Ndipo nilipotazama magoti yake.

Nikamwambia Mama Fotokopi afungue siku nyingine. Akafungua. Yumo. Siku ya mvua yumo, kichwani kajifunika mfuko wa nailoni. Siku niliyochelewa kutoka, yumo, na ameshaloa jasho la kusubiri. Nikifika kwa mafundi nguo, nikishuka na kuanza kusalimiana kwa madaha, yeye anageuza na kurudi alikotoka. Nyumba anazopaka rangi mwaka huu ziko upande wa pili kabisa wa mji.

Siku ya kumi na nne kioo cha gari dogo kilimpiga kiwiko. Aliyumba, akaingia mtaroni na baiskeli yake. Nilimwona akianguka, nikaona kivuli changu kinaendelea mbele bila habari. Akainuka, akaangalia mkono, akaangalia nilikofika, akapanda akakanyaga kwa mkono mmoja. Siku ya kumi na tano yumo, kiwiko kimefungwa bandeji.

Mama Fotokopi akasema, "Sisi tunamwona kila siku, mzee. Tulidhani mmekubaliana."

Mdogo wangu, nikwambie kilichonichoma. Masikio ni masikio, mtu huzeeka. Kilichonichoma ni kwamba miaka miwili nilisimama kwenye mtaa ule nikiwasimulia watu jinsi malori yanavyonipisha, na wote walikuwa wanamwona mwanangu anayeyasimamisha, na hakuna aliyenikatisha. Walinionea huruma. Mimi wa kuonewa huruma!

Nilirudi nyumbani nikiikokota baiskeli kwa miguu, pembeni kabisa. Nilimkuta wifi yako anakunja nguo. Nikamuuliza, "Lile taulo jekundu ni la nini?"

"Linakauka."

"Miaka miwili linakauka?"

Akaweka nguo chini. Akasema kwa sauti ya juu, na nikatambua kwamba siku hizi huniambia kila kitu kwa sauti ya juu, "Ni la kumwambia kwamba unatoka. Ulimkataza ua. Barabara hukumkataza."

Nikaziokota zile nguo nikamsaidia kukunja, na unajua mimi si mtu wa kukunja nguo.

Ijumaa nikautoa ule mnyororo barazani, nikaupeleka kwa mchomeleaji. Akautazama. "Si huu uliokuwa ukituonyesha ulivyoukata?" Nikamwambia unga, usiongee. Akauunga. Kufuli lilikuwa na kutu, nikalitia mafuta ya cherehani, tone baada ya tone, mpaka likalainika. Kisha nikamtuma wifi yako akamwambie Magoti aje jioni, na kama ule ufunguo bado anao aje nao.

Alikuja kabla jua halijazama, rangi nyeupe imemganda kwenye nyusi. Akasimama getini, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Umeniita, baba?"

"Nimekuita. Ingia, unasimama kama mtu wa kusoma mita."

Akaingia. Akauona mnyororo mkononi mwangu, uso ukamshuka. Nadhani alifikiri nataka kumwaibisha tena mbele ya wapangaji. Akatoa funguo zake mfukoni, na ule ufunguo ulikuwamo, katikati ya funguo za nyumba yake, miaka miwili. Nikamwambia fungua. Akafungua. Nikaiegemeza baiskeli kwenye nguzo ile ile, nikaizungushia mnyororo, nikabana kufuli. Akanyoosha mkono kunipa ufunguo.

Nikamwambia, "Kaa nao." Hakuelewa. Nikamwambia, "Masikio yangu yamekwisha, Magoti. Nikitaka kutoka, utakuja kunifungulia."

Neno hilo sijamwambia mtu, hata daktari, hata mama yake. Wewe ni wa pili.

Alisema kitu, sikukipata. Sikumwomba arudie. Nilikishika kile kiwiko chake nikakitazama. Kovu limekuwa refu kama sindano ya kushonea magunia. Mama yake alikuwa ameshaweka maji ya chai.

Jana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alikuja akafungua kufuli, tukaondoka pamoja, yeye upande wa magari, mimi upande wa mtaro. Kwenye mzunguko alinigusa bega, nikasimama. Baiskeli nyingine zilitupita. Alinichelewesha sana, nakwambia ukweli, na magoti bado yako nje. Tulipofika, mafundi nguo hawakutania. Fundi mmoja aliinuka tu kwenye cherehani yake akampa Magoti kiti.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kamera hiyo ukiifunga itazame mbele, kwa maoni yangu ni mzigo tu, utaona ulichokwisha kuona. Nyuma ina faida, lakini mwezi mmoja unatosha. Nimeifungua, nimeifunga kwenye kitambaa, iko kwenye kopo la sindano na vifungo. Ile kadi sikufuta kitu. Wajukuu wakikua nataka waione siku ya kumi na nne na ya kumi na tano, nikiwapo au nisipokuwapo.

Halafu kile kifaa cha sikio ulichonitajia mwaka juzi nikakukatia simu. Sisemi nakitaka. Nasema tu kama bado una habari zake, ziandike. Usipige simu, andika.

Nisalimie shemeji, umwambie aache kunyoa mwenyewe, picha aliyotuma ilitusikitisha. Nisalimie binti yako mkubwa na yule mdogo anayesomea udaktari wa meno, aje ahesabu haya kumi na tisa. Magoti na mkewe wanakusalimu. Wifi yako anakusalimu sana, na taulo lake tangu jana linaanikwa likiwa limelowa.

Mungu akulinde mbele unakotazama na nyuma usikokuona.

Ni mimi wako nikupendaye, ingawa ulipozaliwa ulininyang'anya ziwa la mama,

Kaka yako,
Fundi wa vyerehani vyote vya mji huu.