Meli ya Gesi Imegeuka, na Ndoa Je?

Buyenzi, Bujumbura
14 Mei 2025

Mpendwa kaka Hamimu,

Asalaam aleikum. U mzima huko baharini? Kile kifua kimeacha kukusumbua? Sisi hatujambo, ila presha ya mama inapanda na kushuka. Barua hii naiandika kwa mkono, kisha nitaipiga picha nikutumie, maana nikituma sauti nitalia tu.

Petroli bado ni taabu. Mchumba wangu Karimu anashinda kwenye foleni, na karakana yake imejaa magari makavu. Na wewe umekalia meli nzima ya gesi! Mama alidhani ni ile ya chupa za kupikia. Nikamweleza kuwa hiyo yenu inapozwa mpaka inakuwa majimaji, inakwenda kuendesha mitambo ya umeme ya nchi za mbali.

Sasa la ndoa yangu. Ulisema mtashusha mzigo Asia, upande ndege, uwahi Ijumaa ya tarehe 23. Mara mnunuzi wa Ulaya akatoa bei kubwa zaidi, mzigo ukauzwa upya katikati ya bahari, mkageuzwa, na tarehe hiyo itawakuta bado baharini. Mimi nilielewa, nikaenda kuwaeleza wakwe. Mwanne, shangazi yake Karimu, yule muuza mchele, alinicheka mbele ya watu: “Apana, mwanangu. Mi naleta muchele toka Kigoma, sijaona muzigo unageuka mu njia juu ya bei. Kaka yako hataki hii ndoa, aseme tu.”

Nilikutetea mpaka nikamkosea adabu. Lakini jana simu ya mama ilionyesha kwamba ujumbe wake umeusoma. Umeusoma, hukujibu. Nimeogopa, kaka. Ni meli, au ni wewe?

Baba hayupo tena duniani, walii wangu wa kuniozesha ni wewe. Neno moja linatosha: mpigie amu Chabani, umwambie aniozeshe kwa niaba yako. Kama Karimu humtaki, niambie mimi kabla ya mama.

Sheikh amesema ukinyamaza, amu atashika nafasi yako hata hivyo. Kwa hiyo ndoa itafungwa. Ila nitaozwa kama msichana asiye na kaka, na wewe uko hai.

Mama, amu Chabani na jirani yetu Béatrice wanakusalimu. Mola akufikishe salama kwenye bandari yoyote watakayowapeleka.

Wako akupendaye, hata kwa hasira hizi,
mdogo wako Houda