Bata Mzinga Aliyepoa

Nekesa, rafiki yangu,

Bi Zuhura alisema jana jioni, kwa ujumbe wa sauti, kwamba bata mzinga wa Krismasi atampika yeye kama kawaida, ila hatapanda kuja kula nasi. "Mie n'tampika, mwanangu, na Hamadi atakuleteeni. Lakini huko juu sipandi mwaka huu." Sauti yake ilikuwa tulivu. Sababu hakutoa. Nimeusikiliza ujumbe huo mara nyingi kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuripoti.

Nikupe kwanza yaliyobadilika. Nimehamia kwenye nyumba yako hapa Najma, Doha. Mwenye nyumba alikuwa anatafuta mpangaji, nikawahi. Bi Zuhura na mumewe, Mzee Hamadi, bado wanakaa chini yangu. Hoteli imemweka mtu mwingine kwenye kazi yako ya kuwachagulia wageni mvinyo. Sijaenda kumwona. Okello bado ni mlinzi, siku hizi mji wa Al Wakrah. Yeye na mimi ndio tuliokusindikiza uwanja wa ndege, upande wa mizigo. Tulisaini, wakalichukua sanduku ulimolazwa, tukarudi mjini. Hayo ndiyo yaliyotokea. Mengine sijui kuyaandika.

Nilisema nitaiendeleza meza yako ya Krismasi. Nilisema mbele ya watu, kwa hiyo sina pa kukimbilia. Unajua Krismasi ya hapa: kila mtu na zamu yake, na usipokuwa na pa kwenda unakula wali kwenye mkebe ukiwa umesimama. Meza ikivunjika mwaka huu, sidhani kama kuna atakayeiunganisha tena. Na bila Bi Zuhura imeshavunjika. Ndiye mpishi. Ndiye aliyekukanda miguu ulipokuwa huwezi tena kutembea.

Nilianza na mvinyo kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa na hofu zaidi. Nilienda lile duka la pombe la wenye vibali, nikasimama mbele ya rafu kama mwanagenzi siku ya kwanza. Wewe ulikuwa unaingia, unanyoosha mkono, unatoka. Mimi nilimhoji muuzaji mpaka akaanza kutazama saa. Nikajenga hoja yangu: nyama ya moto, mafuta yanachuruzika, mchuzi mzito, basi mvinyo nao uwe mzito usije ukapotea. Nikachukua mweupe uliokaa kwenye mapipa ya mbao, na mwekundu mkali. Chupa mbili mbili. Nikatandika kitambaa chako, nikazipanga katikati ya meza, nikapiga picha na kuituma kwenye kundi letu: "Tunaanza saa saba mchana. Chupa zinafunguliwa bata akitua mezani."

Ujumbe wa Bi Zuhura ulifuata jioni hiyo hiyo.

Nikaanza kukisia, jambo ninalowakataza wanahabari wachanga. Labda hapendi kuniona nyumbani kwako. Labda hawezi kuketi akitazama kiti chako. Nilizunguka chumba kizima. Nikabadilisha mpangilio wa chupa, nyekundu huku, nyeupe kule, kana kwamba kosa liko hapo.

Leo asubuhi nikampigia Okello. Alicheka kwanza.

"Banange, jamani! Wewe unaandika habari za dunia, na habari ya hii nyumba hujui?"

Nikamwambia asinizungushe.

"Pale tunakula mara mbili, Mwandishi. Mchana na Bi Zuhura na mzee, maji ya ukwaju tu. Chupa hata kuiona huioni. Wakishashuka kwao, ndiyo Nekesa anafungua mvinyo. Yule mama ataketi vipi kwenye meza ya pombe? Na wewe unamtumia picha!"

Nilikaa kitandani. Miaka yote hiyo, Nekesa, nilikuwa nafika jioni nikitoka kazini, nakuta nyama imepoa, naomba radhi kwa kuchelewa. Nawe unaniwekea sahani, achari ya ndimu kando, pilipili kando. "Hujachelewa, Mwandishi. Umefika saa yake." Nilidhani ni heshima tu ya mwenyeji. Halafu unanimiminia ule mwekundu mwepesi uliopitishwa kwenye friji, au mweupe wenye utamu kidogo, na kueleza kwamba nyama ikipoa na achari ikiwa karibu, mvinyo mzito unaleta ugomvi mdomoni, pilipili inawaka mara mbili. Nilidhani unanifariji. Kumbe ulikuwa unanieleza kazi yako. Ulichagua mvinyo wa nyama baridi kwa sababu ulikuwa umeshachagua nani aketi kwanza.

Nimerudi dukani. Safari hii nilinyoosha mkono kwa ule mwepesi, nikatoka. Zile chupa nzito nimezifungia kabatini. Zitasubiri siku ya nyama ya mbuzi. Meza iko tupu.

Kisha nikashuka. Bi Zuhura alikuwa anatwanga thomu na tangawizi, bata wake kwenye beseni. Nilimwamkia, nikamwambia picha ile ni ujinga wangu na meza ya mchana ni yake. Hakuacha kutwanga.

"Nekesa hakukwambia?"

"Hakuniambia, Bi Zuhura."

"Alikuwa hapendi kumtia mtu haya." Akatwanga tena. "Tutaona, mwanangu."

Unajua kazi yetu sisi wanahabari. "Tutaona" si uthibitisho. Nimepanda ngazi nikiwa na hofu ile ile, nikakaa kukuandikia.

Nimesimama kidogo. Mlango umegongwa. Ni Mzee Hamadi, na kandambili zake.

"Bi Zuhura anauliza, una barafu wewe? Ukwaju wake hanywi wa moto."

Nikasema ninayo. Sina hata kipande. Akanitazama, nadhani alijua, akasema, "Basi iwe nyingi," akashuka.

Lala salama, Nekesa. Sitakuahidi makubwa. Nitanunua barafu nikishaweka kalamu chini. Mhariri amenipa ruhusa ya siku nzima, na hajaficha mshangao wake. Nitaweka viti vyote, pamoja na chako. Na kila mwaka nitakaokuwa Doha, chupa hazitaonekana mpaka Bi Zuhura ashuke kwa hiari yake, ameshiba.

Bata mzinga anatoka ovenini kesho kutwa, saa sita na nusu. Nitamla akiwa wa moto, kwa mara ya kwanza. Mvinyo ni saa kumi.

Kyalo