Tata, na Mbio Zangu Migombani

Jumatatu, 3 Machi

Nimeziba pancha nne kibandani kwangu kabla ya saa tano. Mbili za bodaboda, moja ya lori la ndizi, moja ya baiskeli ya Mzungu. Mvua tangu alfajiri. Kiwira nzima tope.

Mzungu mwenyewe anatoka Polandi, anapiga pedeli kwenda Malawi. Miguu kama fito. Nikampa mtihani wangu wa siku zote: kwenu neno "tata" ni nini? Akasema, baba. Nimemwingiza kwenye orodha. Sisi Wanyakyusa, baba. Kilingala, baba. Mhindi fundi mitambo ya chai, yule Mtamil, babu. Sista Mfaransa, shangazi. Mwingereza akimuaga mtoto, tata, kwaheri. Kiswahili, uzi ukijisokota usifunguke, hiyo ndiyo tata.

Zamani nilidhani yote ni ndugu, tumbo moja. Sista akanikatalia. Alisema watoto wachanga dunia nzima huanza na ta-ta-ta, basi kila taifa likaiokota sauti hiyo na kuipa kazi yake. La uzi hakujua limezaliwa wapi. Hata mimi sijui. Ila sikumwambia kwamba sijui.

Darasa la saba, tena la kutoroka toroka. Lakini lori miaka ishirini na mbili, Dar mpaka Kolwezi. Rungwe hii hakuna mwenye dunia kichwani kama mimi. Wananiita Kimataifa. Wamekosea wapi?

Jioni simu ya Lusajo, mwanangu aliyeko Tunduma. Anakuja Alhamisi na mke wake. Mkongo wa Lubumbashi, jina Solanji. Hatujawahi kumwona. Mimba ya miezi sita, atajifungulia kwetu, mama yake Lusajo amtunze. Mjukuu wa kwanza! Nimewanunulia soda kijiwe kizima.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu anafagia hata chini ya mawe. Dada yangu Tupokigwe kaja na mkungu wa ndizi kichwani na hotuba mdomoni. Mkamwana hatazamani na baba mkwe. Hampi mkono. Hamsemeshi. Wakikutana njiani, mkamwana anapisha porini. Nani atamfundisha huyu Mkongo?

Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia, "Dada, hayo ni ya enzi za mama."

Maana mama namkumbuka. Babu, baba mkwe wake, akitokea njiani, mama anajitupa kwenye mibuni na mtungi wake, anageuzia uso kule. Babu naye anakohoa mapema ili apishwe. Miaka yote ile hawakusemezana. Sisi watoto tuliona kawaida.

Nikaapa mbele ya mke wangu: mkwe wangu nitakula naye meza moja. Nitamuuliza habari za Lubumbashi, mitaa yote naijua.

Tupokigwe akasema, "Haya, Kimataifa. Tutaona."

Alhamisi, 6 Machi

Siamini.

Teksi imefika saa tisa. Majirani wamejaa uani. Mimi nimevaa koti. Akashuka binti mrefu, tumbo mbele, meno yote nje. Akanyoosha mikono. "Tata! Minafurahi!" Akanikumbatia.

Neno nililolibeba mipaka yote ile. Nikalisikia linaniita mimi, kinywani mwa mkamwana wangu, mikono yake shingoni kwangu. Nikamtoa mikono. Nikageuka. Nikakimbia.

Nilikimbia! Mtu mzima, koti, miaka sitini na moja. Nimepita migombani, ndala moja imebaki kwenye tope. Nimesimama nyuma ya mgomba nikihema kama mbwa. Sikuiamuru miguu. Nani aliyekuwa anaikimbiza?

Nikasikia sauti ya Tupokigwe kutoka uani: "Juba we!" Yaani, mama wee. Kisha mtu analia. Haikuwa sauti ya dada.

Nimerudi giza linaingia, kwa mlango wa nyuma. Kwangu mwenyewe, kama mwizi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefungua kibanda kabla ya jua. Hakuna pancha. Sikutaka tu kuwa nyumbani.

Saa mbili Lusajo kanifuata. Hakusalimia.

"Baba, umemkimbia mke wangu kama umeona chatu."

Nikatafuta utani. Haukuja. Nikaanza habari za mila, akanikata. "Mila? Wewe? Nimemwambia njia nzima, baba yangu si kama wazee wengine, huyu katembea. Nimemwambia atakupokea kama mwanao."

Baba yake Solanji alifariki yeye akiwa na miaka kumi na moja. Njia nzima alikuwa anajizoeza kuniita. Sasa anasema tumemkataa kwa sababu ni Mkongo. Hajala tangu jana. Jumapili wanaondoka wote. Atajifungulia Lubumbashi kwa mama yake, na mtoto atakulia huko.

"Usitegemee kumwona," akasema Lusajo. Mtoto niliyembeba mgongoni.

Nina aibu. Sina neno jingine.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejaribu. Nimepita uani mara tatu na spana mkononi, kama natafuta kitu. Nilipanga kumsalimia, basi. Habari za asubuhi, maneno matatu, hata kasuku anayaweza.

Mara ya tatu akatokea jikoni. Akaniona. Akavuta kanga kichwani, akageukia ukuta, akainama na tumbo lake lile mpaka nikapita.

Tupokigwe kamfundisha. Usiku mmoja tu, na somo amelishika sawasawa.

Nikasimama nyuma ya nyumba. Nilitegemea moyo utatulia, mambo yamekaa yanavyotakiwa. Badala yake nikamwona mama kwenye mibuni, na mtungi. Nilikuwa sijawahi kujiuliza kama alikuwa anakwaruzwa na matawi. Miaka yote hiyo. Sikuwahi.

Nimeshtuka kuliko juzi. Juzi nilikimbia mimi. Leo nimemfanya mtoto wa watu ajifiche.

Sili. Mke wangu anaweka sahani kwa kishindo.

Jumapili, 9 Machi

Mabegi mlangoni. Teksi imeitwa kwa saa sita. Watu wamekwenda kanisani, tumebaki mimi na Solanji tu. Yeye yuko jikoni.

Kumtazama usoni siwezi. Nimekubali, siwezi, mwili haukubali. Lakini mdomo huu haujawahi kunishinda. Nikachukua kigoda, nikakaa nje ya jiko, mgongo kwenye ukuta wake wa mabanzi. Nikakohoa kama babu.

"Mwanangu."

Kijiko kikaacha kugonga sufuria.

Nikamwambia yote. Kwamba kwetu kukimbia ni heshima, ila yeye hakuambiwa. Kwamba wa kumwambia nilikuwa mimi, nikaona sifa tamu, nikajifanya mila hainihusu, kumbe iko kwenye magoti. Kwamba Mkongo au Mchina ningekimbia vilevile. Kwamba sijamkataa, nyumba ni yake, mtoto ni wetu, namwomba asiende. Nikasema, nisamehe.

Nikajua basi, nikashika kigoda niondoke.

"Tata," akasema. "Mi nilizani minanuka."

Nimecheka! Na yeye akacheka, ukuta mzima unatikisika. Halafu kicheko chake kikageuka kilio, na changu nacho hakikuwa kicheko tena. Akasema neno lile hajamwita mtu tangu wamzike baba yake. Alikuwa amelitunza.

Tupokigwe kurudi kanisani akatukuta hivyo. "Mnasemezana!"

"Hatuonani," nikamjibu.

Akatazama ukuta. Akanitazama mimi. Akazunguka mpaka mlangoni kumtazama na Solanji. Mwisho akasema mabanzi hayo yana matundu makubwa mno, yazibwe. Akaenda kuleta magazeti mwenyewe.

Teksi imekuja saa sita. Lusajo kapanda peke yake, kesho ana kazi. Begi moja limerudi ndani. Kabla ya mlango kufungwa akanishika bega.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Sijafungua kibanda.

Nimekaa upande wangu wa ukuta wa jiko, Solanji upande wake. Kanisimulia habari za baba yake, fundi wa reli, alivyokuwa akirudi na mikono inanuka mafuta. Mimi nimesikiliza tu. Mke wangu kapita, kaweka mkono kwenye paji langu la uso, kuona kama nina homa.

Uso wa Solanji sijaujua. Sauti naijua sasa, na anavyovuta pumzi mtoto akimpiga teke.

Saa saba mkono umetoka dirishani na sahani ya mbalaga, ndizi zetu za kupika. Nikaipokea nikitazama mvua.

Ndizi zimezidi chumvi. Nimekula zote.