Kiti cha Mbele

Kwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla hujafika mstari wa pili tafuta pa kukaa na uweke mguu juu ya kile kistuli chako, maana nakujua, barua umeifungulia mlangoni ukiwa bado na mkoba begani. Hujambo lakini? Shemeji hajambo? Wapwa zangu wanaendeleaje, na yule mdogo ameshaacha kutafuna penseli? Presha ya Mama imetulia? Mimi huku ni mzima wa afya, isipokuwa mapaja yananiuma na kukaa kwenyewe nakaa upandeupande, na sababu yake utaijua sasa hivi.

Kwanza nina ombi. Najua barua zangu zote unamsomea Mama kwa sauti tangu macho yake yalipoanza kumsumbua, na najua pia kwamba unazitia chumvi pale unapoona nimeandika kivivu. Hii, tafadhali sana, isome peke yako kwanza mpaka mwisho. Ukishafika huko utajua la kufanya.

Barua yako ya kusema unakuja likizo hii, wiki nzima, nimeipata, na nimeisoma mpaka imechakaa mikunjo. Uliniambia wazi kwamba safari hii huji kukaa sebuleni kwangu kutazama televisheni kama mara ile. Unataka kuuona mji, mji wenyewe, kuanzia stesheni ya zamani mpaka mtoni, na huo mguu kama unataka kulalamika ulalamike. Hapo ndipo nilipoingiwa na mawazo. Mguu wako naufahamu, mdogo wangu. Hatua mia mbili tu unaanza kusimama mbele ya madirisha ya maduka, unajifanya unaangalia viatu, kumbe unaupumzisha. Ulifanya hivyo hata mbele ya duka la majeneza.

Halafu kuna jambo jingine, na usicheke. Mji huu siujui. Miaka ishirini na miwili niko hapa, fundi wa lifti, na nikikuambia ghorofa ya ngapi katika jengo gani mlango unasita kabla ya kufunga, sikosei. Mji huu naujua kwa kupanda na kushuka. Ukiniuliza mtaa wa nyuma ya hilo jengo kuna nini, nabaki nakukodolea macho. Nilikuwa nakwenda kukutembeza wapi sasa?

Mwenzangu mmoja kazini, yule niliyekueleza kwamba anaogopa lifti ingawa anazitengeneza, ndiye aliyeniambia kwamba pale stesheni ya zamani kuna watu wanatembeza wageni kwa baiskeli. Mnakwenda kikundi, mwongozaji mbele, mnasimama kila penye cha kuonwa, mnaelezwa, mnaendelea. Nikasema hapana, asante. Unajua mimi na baiskeli tulishaachana zamani. Lakini usiku ule na siku iliyofuata ile sentensi yako ya mji wenyewe ikawa inanizunguka kichwani, basi Jumamosi asubuhi nikajikaza nikaenda, nikajiambia naenda kukuonjea tu.

Mwongozaji ni mwanamke mwembamba, filimbi shingoni, sauti ya kuamsha mtaa. Tulimwita Bi Filimbi na yeye akaitikia. Nikamweleza habari zako zote, mguu wa kushoto, goti lisilokunjika vizuri, umri, hata kwamba unaongea sana. Akaingia stoo akatoka anasukuma baiskeli moja ya kijani, ina viti viwili, kimoja mbele ya kingine, na gurudumu moja mbele, mawili nyuma. Akaniambia hii haianguki hata ukiilazimisha. Nilipomuuliza mara ya tatu kama kweli haianguki, akaniuliza kama nimetumwa na kampuni ya bima.

Sasa, baiskeli ile inataka watu wawili, na mimi nilikuwa mmoja. Kwa bahati kulikuwa na mama mmoja mkunga, amestaafu, amekuja peke yake na hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake. Akakubali kukaa nyuma. Bi Filimbi akatupa masharti. Aliye mbele ana usukani, kengele na breki zote mbili. Aliye nyuma ana pedeli tu. Kwa hiyo aliye mbele lazima aseme kwa sauti kila kitu kabla hawajakifikia: shimo, tuta, kona, breki. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anavyoitikia maelezo ya dawa ya kikohozi.

Ee Chiriku, mji huu ni mzuri! Nimekaa humu miaka yote hiyo kama mtu aliyefungiwa kabatini. Tulipita mtaa wa waandika mabango, ukuta mzima wa rangi, na mzee mmoja juu ya ngazi anaandika neno USAFI huku rangi inamdondokea kwenye viatu. Tulisimama penye mnara wa saa, una nyuso nne na kila uso unasema saa yake. Bi Filimbi akatueleza kwamba wenye maduka wa kila upande wanafungua kwa kufuata uso unaowatazama wao, na kwamba siku fundi alipokuja kuzilinganisha, kinyozi mmoja alimfukuza kwa brashi ya povu. Tulipita mtaa wa maseremala, maranda mpaka kwenye njia ya baiskeli, na harufu ile ya mbao mbichi ikanikumbusha karakana ya Baba. Tukapita hata mbele ya jengo ninalotengeneza lifti zake. Mlinzi ambaye tunasalimiana kila siku ya Mungu alinitazama nimevaa kofia ngumu ya baiskeli, akaangalia pembeni. Nadhani aliona aibu kwa niaba yangu.

Na yule mkunga! Mlima wa kwenda kwenye tangi la maji ulipoanza, mimi pumzi zimeniishia, yeye huko nyuma akaanza kazi yake. Sukuma! Pumua! Sukuma tena, usiachie hapo hapo! Kikundi kizima kilikufa kwa kicheko, watu wakashuka kwenye baiskeli zao. Pale njia panda askari wa barabarani akasimamisha magari yote ili sisi tupite, kumbe mkunga wangu ndiye aliyemzalisha mama yake huyo askari. Akamwambia mbele za watu kwamba alitoka kwa kutanguliza miguu, na kuchelewa juu yake. Maskini askari alipiga saluti hivyo hivyo.

Nilikuwa nimeshaanza kuona nitakavyokuleta, wewe uko nyuma yangu, unaongea bila kituo, mimi nakusukuma mji mzima bila mguu wako kuonja ardhi. Nikafurahi, Chiriku. Nilifurahi kupita kiasi.

Tulipofika darajani nikawa nautazama mto. Kulikuwa na tuta, nililiona, ila mdomo haukufunguka. Tukalipanda kwa kishindo, mkunga akarushwa juu na kujiuma ulimi. Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza, wala si kwa hasira. Akasema tuta si kitu, katika kazi yake ameona makubwa. Lakini akaniambia kwamba huko nyuma haoni kitu isipokuwa mgongo wangu, na nisipomwambia kilichotokea atadhani kosa ni lake. Na kweli, akasema, alikuwa ameshaanza kujilaumu kwamba amekanyaga vibaya.

Nilifunga breki katikati ya daraja. Bi Filimbi akapuliza filimbi, walionifuata nusura wanivae. Wakadhani nimechoka, wakanipa maji. Nikayanywa, na tangu hapo sikusikia tena maelezo ya jengo lolote.

Mdogo wangu, unajua ninapoelekea? Hujui. Huwezi kujua, maana na wewe siku ile ulikuwa nyuma, na ulichokuwa unakiona ni mgongo wangu.

Wewe ulikuwa na miaka minane, mimi kumi na mitatu. Tulikuwa tunatoka mashineni, nimekupakia kwenye karia, umenishika shati kwa mikono yote miwili, unaimba wimbo wa shule. Kwenye ule ukuta wa chini kabisa ya mteremko walikuwa wamekaa wenzangu wa darasa. Walikuwa wameniambia wiki nzima kwamba najua kuendesha bila mikono nikiwa peke yangu tu, nikiwa na mzigo siwezi. Mzigo huo ulikuwa wewe. Chiriku, niliachia usukani. Niliachia mikono yote miwili, nikainyoosha hewani ili waone vizuri. Gurudumu la mbele likagonga jiwe, baiskeli ikayumba, ukawa unatafuta pa kukanyaga, na mguu ukaingia kwenye spoki. Baiskeli iliyumba kwanza. Mguu wako uliingia baadaye. Hukurusha miguu. Hukuhangaika. Ulikuwa umetulia unaimba.

Nilikubeba mgongoni mpaka nyumbani, na njia nzima, wakati unalia kwenye shingo yangu, mimi nilikuwa natunga cha kumwambia Mama. Nikamwambia kwamba ulikuwa unarusha miguu, nimekukataza hukusikia. Mama akakugombeza ukiwa umelala pale hospitali, mguu umefungwa plasta mpaka pajani. Nawe ukanitazama, ukaamini. Ulinisadiki kuliko ulivyojisadiki mwenyewe. Ukaniomba msamaha, Chiriku. Uliniomba mimi msamaha kwa kuniharibia baiskeli.

Miaka thelathini na mmoja. Wale wa ukutani walitawanyika, kila mmoja na maisha yake, hakuna aliyesema. Baba alifariki akijua hivyo hivyo. Nilijipa kila sababu: mara wewe bado mdogo, mara una mitihani, mara umepata mchumba nisikuvurugie, mara mambo ya zamani ya nini. Uoga tu. Mwaka juzi nilipokuja nilikaa nyuma ya darasa lako, kwenye kile kiti cha chekechea kilichonibana, nikakusikiliza ukiwaambia watoto wakae tuli, maana mwalimu wao alikuwa na kiherehere utotoni na ndiyo sababu anachechemea. Watoto wakacheka. Wewe ukacheka. Na mimi nikacheka.

Sikuandikii ili unijibu yaishe. Nakujua ulivyo mwepesi wa kusema yaishe. Usiseme. Kasirika kwanza, kasirika hata mwezi mzima, una haki nao. Ukiona huwezi kuja likizo hii, usije. Ukiona hutaki kuniona mpaka utakaponiita mwenyewe, nitasubiri. Ila nisingeweza kukupandisha tena nyuma yangu kabla hujajua nilichokifanya mara ya kwanza.

Tulipomaliza nilirudi kwa Bi Filimbi kuandikisha majina mawili ya Jumamosi ya likizo yako. Nikamuuliza kama mtu mwenye mguu mbovu anaweza kukaa kiti cha mbele. Akasema vizuri kabisa, wa nyuma akiwa na nguvu wa mbele miguu yake inazungushwa tu, na usukani atakufundisha pale pale uwanja wa stesheni kabla hatujatoka. Basi jina lako nimelitanguliza. Ukija, usukani ni wako, kengele ni yako, breki zote mbili ni zako. Utakwenda unapotaka na kusimama unapotaka, hata mbele ya duka la majeneza. Mimi nitakaa nyuma nisukume. Sitaona kitu isipokuwa mgongo wako, na lolote utakaloniambia kwamba liko mbele nitaliamini.

Sasa mwite Mama akae karibu. Rudi kule mwanzo, umsomee yote kwa sauti, na safari hii usipunguze wala usiongeze neno. Akikuuliza kama ni kweli, mwambie mwandiko ni wangu. Akinyamaza, mwache anyamaze, nami nitampigia simu Jumapili mchana, yeye ndiye atakayeamua kupokea.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu wape mkono mmoja mmoja. Darasa lako jipya likifungua, kama utaona inafaa, wasimulie ile hadithi ya mguu upya, na jina la mwenye kiherehere wanaweza kulijua. Ubaki salama, mdogo wangu, nakupenda kuliko nilivyowahi kuonyesha.

Ni mimi kaka yako,
wa kiti cha nyuma.