Mruko Wangu, Jina la Mwingine

Wilgenstraat 12,
Dokkum, Friesland.
22 Novemba 2018.

Mpendwa Shangazi Sjoukje,

Shikamoo. Natumaini magoti yako yametulia na baridi ya Kanada haijaanza kukutesa. Sisi ni wazima wa mwili. Baba amerundika kuni hadi mlangoni, na Mama bado anatupikia supu ya njegere kila Jumamosi. Moyo wangu ndio mgonjwa.

Uliniuliza habari za mashindano ya dunia. Ule mruko wa kushuka kutoka kwenye boriti, ule mti mwembamba tunaochezea juu yake, niliuhangaikia miaka mitatu, na hakuna binti mwingine aliyewahi kuufanya. Nawe uliyecheza jimnastiki kabla yangu unaijua sheria: anayetangulia kuufanya mbele ya waamuzi wa dunia bila kuanguka, mruko huchukua jina la ukoo wake. Hicho tu ndicho nilichokitaka kabla ya kustaafu.

Asubuhi ya zamu yetu, Kocha Wietske alinishika bega. "Jeltje, boriti leo huchezi. Kifundo kimevimba." Nililia, nikakubali. Amenilea ukumbini tangu nina miaka sita. Kisha nikiwa benchi nikamwona Femke Terpstra, mtoto niliyemfundisha mwenyewe, akiufanya mruko wangu bila kuyumba. Wietske alikwisha kuupeleka kwa waamuzi kwa jina la Femke. Sasa dunia nzima inauita Terpstra.

Femke simlaumu sana. Aliambiwa nimeridhia. Alinikumbatia akasema, "Dada, asante kwa kuniachia."

Hayo ningeyameza. Ila Jumapili ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Mama. Viti tuliviweka duara kama desturi yetu, kila mgeni akapita akimpa mkono kila mtu: hongera kwa mkeo, hongera kwa mama yako. Mama yake Femke alipomfikia Mama akasema, "Hongera jirani, na asante tena kwa kukubali Femke apewe mruko." Watu wakatazama vikombe vyao. Mama akaanza kugawa keki.

Nilimfuata jikoni. "Daktari alisema ukianguka tena utachechemea maisha," akaniambia. "Ningekuuliza ungekataa. Kichwa chako nakijua."

"Ningekataa, ndiyo. Mguu ni wangu."

Tena siku ile ile ya mashindano walinipanga kwenye vyuma vya kubembea, kwa kuwa timu ilihitaji alama zangu. Huko kifundo hakikuwa na uvimbe! Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Klabu nimeiacha. Wietske amekuja mara mbili na mkate wa sukari, nami nimetokea mlango wa nyuma.

Msalimie Mjomba Gerlof na dada yangu Hiske. Mungu awape afya na awaepushe na utelezi wa barafu.

Sasa neno lililonikalisha kuandika. Mama anasema kabla ya kukubali alikupigia simu wewe, ukamwambia, "Usimwambie. Atalia, kisha atanyamaza." Wiki hiyo hiyo uliniandikia kwamba unaniombea kwenye boriti.

Usimjibu Mama, Shangazi. Nijibu mimi.

Ni mimi mwanao, niliyekuamini kuliko wote,
Jeltje